Shaba Chini ya Mazalia: Samoni wa Ghuba ya Bristol na Mgodi wa Pebble

Ghuba ya Bristol, iliyoko kusini-magharibi mwa Alaska, ni mkono wa Bahari ya Bering unaopokea maji ya mito mikubwa tisa, na katika mito hiyo huzaliwa karibu nusu ya samoni wekundu wote wa asili waliobaki duniani. Samoni wa asili ni yule anayezaliwa, kukua na kurudi kuzaa bila kufugwa na mtu, tofauti na samoni wa vizimbani ambaye nchi kama Norwei na Chile humfuga kwa wingi na kumsambaza katika masoko ya dunia. Mwaka 2022 samoni wekundu waliorudi katika ghuba hiyo walikuwa takriban milioni 79, idadi ambayo haikuwahi kuhesabiwa huko kabla ya hapo, na ingawa wavuvi walivua milioni 60 hivi, mazalia hayakupungukiwa samaki wa kuendeleza kizazi. Uvuvi wa namna hii, unaotoa mavuno makubwa baada ya zaidi ya karne moja ya kuvuliwa, ni nadra sana katika dunia ya leo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 umeishi chini ya kivuli cha mpango wa kuchimba shaba na dhahabu mahali penyewe ambapo mito miwili mikubwa ya ghuba hiyo, Nushagak na Kvichak, hupata maji yake ya kwanza.

Mgogoro huo hauwezi kueleweka bila kuyafahamu kwanza maisha ya samoni mwenyewe. Jike huchimba shimo katika changarawe ya kijito kwa mapigo ya mkia wake, hutaga mayai humo, na dume akishayarutubisha, jike huyafunika kwa changarawe ileile, ili maji safi na baridi yapenye katikati ya mawe na kuyafikishia mayai oksijeni majira yote ya baridi. Vifaranga wa samoni mwekundu, tofauti na jamaa zao wengi, huhitaji ziwa la kukulia, nao hukaa humo mwaka mmoja au miwili kabla ya kuteremka baharini, ambako huishi miaka miwili au mitatu wakila na kunenepa. Wakati wa kuzaa ukiwadia, kila mmoja huurudia mto wake, na mara nyingi kijito kilekile alichozaliwa, akiongozwa na harufu ya maji aliyoizoea alipokuwa mdogo. Njiani huacha kula, mwili wake hugeuka mwekundu na kichwa chake kijani, na baada ya kuzaa hufa. Mizoga hiyo ni mbolea iliyobebwa na samaki wenyewe kutoka baharini hadi milimani, kwa kuwa dubu na tai huila na kuitawanya msituni, miti ya kingoni hunyonya naitrojeni yake, na vifaranga wa mwaka unaofuata hukulia katika maji yaliyorutubishwa na miili ya wazazi wao.

Wenyeji wa bonde hilo, watu wa jamii za Yup'ik, Dena'ina na Alutiiq, wameishi kwa samoni kwa muda usiopungua miaka 4,000. Vijiji vyao vingi havina barabara ya kuviunganisha na sehemu nyingine za Alaska, bidhaa za dukani hufika kwa ndege au kwa meli na kuuzwa kwa bei kubwa, na kwa hiyo samaki wa kiangazi ndiye kitoweo cha mwaka mzima. Familia huweka kambi za uvuvi kando ya mito, wakubwa wakiwafundisha wadogo kumpasua samaki, kumning'iniza akauke na kumpitisha katika moshi, kazi ambayo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki aliyelelewa kwa ng'onda angeitambua papo hapo. Samoni wa kwanza wa msimu hugawiwa wazee na majirani, na lugha, malezi na ibada za jamii hizo zimefungamana na ujio wake kiasi kwamba haiwezekani kuutenga uvuvi na maisha yenyewe. Kwa watu hao, neno fidia halina maana iliyo wazi, kwa sababu hakuna kiasi cha fedha kinachoweza kununua mahali pa kumfundishia mtoto kazi ya babu yake.

Uvuvi wa biashara ulianza huko katika miaka ya 1880, viwanda vya kusindika samaki kwenye makopo vilipojengwa kando ya Nushagak. Hadi 1951 boti zenye injini zilikuwa marufuku, na wavuvi walifanya kazi kwa matanga. Hata leo boti ya kuvulia kwa nyavu za kuelea hairuhusiwi kuzidi futi 32, na idadi ya vibali ina kikomo. Alaska ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1959, katiba yake iliagiza kwamba samaki na maliasili nyingine zinazojizalisha zivunwe kwa kiasi kinachoziwezesha kudumu. Agizo hilo hutekelezwa kwa njia ambayo ni rahisi kuieleza lakini ngumu kuivumilia: kando ya mito kumejengwa minara ya kuhesabia, na humo watu hukaa usiku na mchana wakati wa msimu, wakihesabu kwa macho samaki wanaopita kwa dakika kumi za kila saa kisha kukadiria jumla. Maofisa wa idara ya uvuvi ya jimbo hufungua na kufunga uvuvi kwa kutegemea hesabu hiyo, wakihakikisha kwanza kwamba idadi iliyopangwa imepita kwenda kuzaa, hata kama wavuvi wamekaa na nyavu kavu huku samaki wakipita mbele yao. Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, thamani ya kiuchumi ya samoni wa bonde hilo ilizidi dola bilioni 2.2 mwaka 2019, na ajira zilizotokana na uvuvi wa biashara zilifikia 15,000.

Mwamba wenye madini uliopewa jina la Pebble uligunduliwa na kampuni ya Cominco ya Kanada mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu 2001 umekuwa mikononi mwa kampuni nyingine ya Kanada, Northern Dynasty Minerals. Uko katika ardhi ya jimbo, kaskazini mwa Ziwa Iliamna, ambalo ni kubwa kuliko maziwa yote ya Alaska, juu ya kigongo kinachoyagawa maji: upande mmoja vijito vya Koktuli hushuka kuelekea Nushagak, na upande mwingine kijito cha Upper Talarik hushuka hadi Iliamna, na kutoka hapo maji huendelea kwa Mto Kvichak. Mwamba huo ni miongoni mwa hazina kubwa zaidi za shaba na dhahabu ambazo hazijachimbwa duniani, na una pia molibdeni, metali inayotumika kuimarisha chuma. Ukubwa huo, hata hivyo, ni wa jumla, kwani katika kila tani ya mwamba shaba iliyomo kwa wastani haifiki kilo tano. Madini yaliyotawanyika hivyo hayawezi kufuatwa kwa mashimo membamba ya chini ya ardhi kama mshipa wa dhahabu. Hulazimu kuchimba shimo la wazi, kulisaga jiwe lote likawa unga, na kulichenjua ili kupata sehemu ndogo yenye thamani, huku zaidi ya asilimia 99 ya kilichosagwa ikibaki kuwa taka.

Taka hiyo ndiyo kiini cha hofu, kuliko shimo lenyewe. Mabaki ya uchenjuaji, ambayo katika migodi ya Tanzania huitwa topesumu, ni mchanganyiko wa maji na unga wa mawe unaohifadhiwa nyuma ya kuta kubwa za udongo na mawe. Mwamba wa aina ya Pebble una salfidi, yaani madini yaliyoungana na kiberiti, na salfidi iliyosagwa ikikutana na hewa na maji huzaa tindikali, nayo tindikali huyeyusha shaba na metali nyingine na kuziingiza katika maji. Ni kawaida kwa kemia hii kuendelea kwa karne nyingi baada ya mgodi kufungwa, kwa hiyo maji ya eneo hilo huhitaji kusafishwa, na kuta zake kulindwa, muda mrefu baada ya faida kugawanywa na kampuni yenyewe kuondoka. Ombi la kibali lililowasilishwa Desemba 2017, kama lilivyorekebishwa baadaye, lilikuwa la kuchimba tani bilioni 1.3 kwa miaka 20, ingawa tathmini ya serikali ilikuwa imekadiria kwamba mwamba wote unaweza kufikia tani bilioni 11, jambo lililowafanya wengi waamini kwamba miaka hiyo 20 ilikuwa mlango tu wa mgodi mkubwa zaidi.

Watetezi wa migodi husema kwamba uhandisi wa sasa umeyashinda matatizo ya zamani, na hakuna sababu ya kuwashuku wahandisi kuwa hawajui kazi yao. Lakini tarehe 4 Agosti 2014 ukuta wa bwawa la mabaki la mgodi wa shaba na dhahabu wa Mount Polley, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ulipasuka na kumwaga takriban mita za ujazo milioni 25 za maji na tope, ambazo zilikikokoa kijito cha Hazeltine na kuingia katika Ziwa Quesnel, ambalo nalo ni ziwa la samoni wekundu. Jopo la wataalamu lililochunguza tukio hilo lilibaini kwamba chini ya ukuta kulikuwa na tabaka dhaifu la udongo ulioachwa na barafu ya kale, ambalo usanifu haukulizingatia. Huo ulikuwa mgodi mdogo mbele ya Pebble, katika nchi yenye sheria kali na wakaguzi wenye ujuzi. Wasomaji wa Tanzania nao wanalo la kukumbuka, kwani Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, lilipasuka na tope lake likafunika mashamba na makazi ya watu.

Hata bila ukuta kupasuka, shaba yenyewe ina madhara ya kipekee kwa samoni. Mwanadamu anaweza kunywa maji yenye kiasi fulani cha shaba bila kudhurika, ilhali mikrogramu chache tu katika lita moja, ambazo ni sehemu za milioni za gramu, hutosha kudhoofisha neva za pua ya samaki huyu. Samoni aliyepotewa na uwezo wa kunusa hashituki adui anapokaribia, wala haitambui njia ya kwao, na kwa kuwa hafi mara moja wala haelei juu ya maji akiwa amekufa, hakuna atakayeuona msiba huo isipokuwa watu wa minarani, miaka kadhaa baadaye, watakapoona hesabu imepungua.

Hoja nzito kuliko zote, ambayo pia ilichelewa kueleweka, inahusu vijito vyenyewe. Anayeitazama ramani ya bonde hilo huona vijito visivyo na idadi, vingine vya kuvukwa kwa hatua moja, na ni rahisi kudhani kwamba kufukia vichache hakuwezi kuligusa kundi la mamilioni ya samaki. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Washington, ambao taasisi yao imekuwa ikifanya utafiti katika mito hiyo tangu miaka ya 1940, walithibitisha kinyume chake. Samoni wa Bristol ni jumla ya mamia ya koo ndogo, kila moja ikiwa imezoea kijito au ufuko wake, ikirudi kwa wakati wake na kukaa ziwani au baharini kwa muda wake, kwa hiyo mwaka unaozitesa koo fulani kwa ukame au joto huzinufaisha nyingine. Mkulima anayepanda mihogo, mtama na mahindi katika shamba moja huijua hekima hiyo bila kufundishwa. Katika makala iliyochapishwa 2010 kwenye jarida la Nature, Daniel Schindler na wenzake walionyesha kwamba laiti samoni hao wangekuwa ukoo mmoja unaofanana, mabadiliko ya idadi yao kati ya mwaka na mwaka yangekuwa makubwa mara 2.2 zaidi, na uvuvi ungelazimika kufungwa mara kumi zaidi ya ilivyo.

Mwaka 2019 utafiti mwingine, ulioongozwa na Sean Brennan, uliisogeza hoja hiyo mbele. Ndani ya kichwa cha samaki mna kijiwe kidogo cha sikio, ambacho hukua tabaka juu ya tabaka kama pete za mti, na kila tabaka huhifadhi alama ya kikemia ya maji ambamo samaki aliishi wakati huo. Kwa kusoma alama hizo katika vijiwe vya samaki waliovuliwa Nushagak, watafiti waliweza kutambua kila samaki alikulia sehemu ipi ya bonde, na wakagundua kwamba sehemu zinazozalisha samaki wengi huhamahama: kijito kilichotoa wachache mwaka huu huwa tegemeo la mto mzima miaka michache baadaye. Kutokana na matokeo hayo, hakuna awezaye kukinyooshea kidole kijito kimoja na kusema hakina kazi, kwa sababu zamu yake inaweza kuwa haijafika tu. Kvichak yenyewe ni shahidi, kwani ilikuwa ndiyo mama wa ghuba kwa miongo mingi, ikaporomoka mwishoni mwa karne ya 20, na mito mingine ikaubeba uvuvi hadi yenyewe ilipopata nafuu.

Ni katika mwanga huo ambapo takwimu za mpango wa mgodi zinapaswa kusomwa. Kwa mujibu wa serikali, mpango huo, kama ulivyorekebishwa hadi 2020, ungeangamiza takriban kilomita 14 za vijito ambamo samoni wamethibitishwa kuwamo, kilomita 147 za vijito vingine vinavyovilisha hivyo vya kwanza, na zaidi ya hekta 850 za ardhioevu, mbali na vijito vya ziada ambavyo mtiririko wake ungebadilika. Tathmini ya athari kwa mazingira iliyotolewa Julai 2020 na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi, ambacho ndicho hutoa vibali vya kufukia maji na ardhioevu, ilisema kwamba mradi haukutarajiwa kupunguza kwa kiasi kinachopimika idadi ya samaki wa ghuba. Kauli hiyo ilikipima kila kijito kwa samaki wake wa leo, na kuuacha kando mfumo mzima unaoufanya uvuvi uwe imara. Hata hivyo, tarehe 25 Novemba mwaka huohuo kikosi hichohicho kilikataa kutoa kibali.

Uamuzi huo haukutoka juu tu. Mwaka 2010 makabila sita ya bonde hilo yaliliomba Shirika la Kulinda Mazingira litumie kifungu cha 404(c) cha Sheria ya Maji Safi ya 1972, ambacho hulipa uwezo wa kukataza taka zisitupwe katika maji yenye thamani kubwa kwa uvuvi. Wavuvi wa biashara, ambao kwa miaka mingi walikuwa na ugomvi wao na wenyeji kuhusu nani avue wapi, walisimama upande mmoja nao, pamoja na wenye kambi za watalii na wanasiasa wa vyama vyote viwili; mapema zaidi, Jay Hammond, gavana wa zamani wa Alaska aliyekuwa na makazi yake kando ya Ziwa Clark, naye alikuwa ameupinga mgodi huo. Katika kura ya Novemba 2014, takriban theluthi mbili ya wapiga kura wa Alaska waliamua kwamba mgodi mkubwa wa metali katika bonde hilo usiruhusiwe bila idhini ya bunge la jimbo. Kampuni kubwa nazo zilianza kujitoa, Anglo American mwaka 2013 na Rio Tinto mwaka 2014, ya pili ikizigawa hisa zake kwa taasisi mbili za hisani za Alaska. Shirika la Kulinda Mazingira lilipendekeza katazo mwaka 2014, likaliondoa 2019 baada ya serikali kubadilika, na hatimaye likalitoa rasmi Januari 2023, ikiwa ni mara ya 14 tu kwa mamlaka hayo kutumika tangu sheria itungwe.

Haifai kuzidharau sababu za wanaoutaka mgodi. Shaba inahitajika kwa nyaya, mitambo ya upepo na magari ya umeme, na nchi zinazoikataa kwao huishia kuinunua kutoka mahali pengine ambako pengine mito hailindwi hata kidogo. Tena baadhi ya vijiji vya jirani na Iliamna vilionja ajira wakati wa utafiti wa madini, na ajira za mwaka mzima ni chache huko. Haya ni mambo ya kweli. Lakini shaba ya Pebble huchimbwa mara moja, na samoni huvunwa kila mwaka. Shaba ipo katika nchi nyingi, na nusu ya samoni wekundu wa dunia wako hapa tu. Na mgodi ukigundulika kuwa ulikuwa kosa, hakuna njia inayojulikana ya kukirudisha kijito kilichofukiwa pamoja na ukoo wa samaki uliokuwa umekizoea kwa maelfu ya miaka.

Upinzani wa mgodi umechukua pia sura ya umiliki wa ardhi. Mwaka 2022 kampuni ya wanakijiji wa Pedro Bay, iliyoko upande wa mashariki wa Iliamna, iliuza kwa hiari haki ya kuendeleza zaidi ya hekta 17,000 za ardhi yake, zikawekwa chini ya mkataba wa hifadhi wa kudumu, na kwa njia hiyo ikafungwa njia ambayo barabara ya kusafirishia madini ya Pebble ilipangwa kupita. Kwa upande wa mahakama, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa Januari 2024 kuisikiliza moja kwa moja kesi ya jimbo la Alaska dhidi ya katazo hilo, na miezi iliyofuata jimbo na kampuni walifungua kesi zao katika mahakama za ngazi ya chini.

Katazo la 2023 linahusu vijito vya juu vya Koktuli na Upper Talarik, eneo la takriban kilomita za mraba 800 katika bonde lenye zaidi ya kilomita za mraba 100,000, na linalenga mabaki ya uchimbaji wa mwamba wa Pebble, si uchimbaji wowote mahali popote. Makabila na wavuvi kwa hiyo wanaendelea kuomba sheria itakayoyalinda maji ya juu ya bonde zima, na kila mwisho wa Juni, samoni wa kwanza wanapoingia mitoni, watu wa minarani hupanda tena na kuanza kuhesabu.